Gari la Marehemu Baba Lapanda Tena Milima ya Usambara

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni karibu kilomita 33 tu. Lakini katika masafa hayo mafupi msafiri huiacha tambarare ya mkonge, iliyo chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, akapanda hadi mji uliokaa karibu mita 1,400. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima: mkono mmoja ukuta wa mwamba na udongo mwekundu, mkono wa pili bonde ambalo chini yake yasikika maji. Kona hufuatana bila kupumzika, na malori ya kabichi, karoti na viazi huteremka yakinguruma kwa gia ndogo. Kwetu sisi tuliozaliwa na wazazi wa huko, mlima huo ndio mizani ya gari. Linalofika Lushoto bila kusimama limefaulu.

Gari la marehemu baba lilipimwa katika mizani hiyo mwaka 2011, likashindwa. Karibu na Soni mvuke ulifumka nyuma, mshale wa joto ukalala upande wa mwisho, na injini ikanyamaza. Baba alishuka, akakaa juu ya jiwe, akasema kwa tabasamu, "Limechoka kama mimi." Tulivutwa na lori hadi Lushoto, na gari likarudishwa Dar es Salaam juu ya mgongo wa gari jingine. Mwaka 2014 baba alitangulia mbele ya haki. Akazikwa kwao Lushoto, na gari likabaki chini ya mwarobaini uani kwetu, kuku wakitaga ndani yake.

Makala haya ni habari ya safari ya pili, na ya kazi iliyotutangulia kabla ya kuianza.

HAKI KABLA YA SPANA

Gari lenyewe ni Volkswagen Kombi ya mwaka 1984, ya umbo lile linaloitwa T3. Umbo hilo lilianza kuundwa Ujerumani mwaka 1979, na Afrika Kusini waliendelea kuliunda hadi mwaka 2002. Hii yetu iligeuzwa nyumba ndogo na kiwanda cha Westfalia: paa lake huinuliwa, kiti cha nyuma hukunjuliwa kikawa kitanda, na ubavuni mna jiko la gesi na sinki. Baba aliinunua kwa daktari mgeni aliyekuwa akirejea kwao. Injini yake ipo nyuma, chini kabisa ya kitanda. Ndugu msomaji, likumbuke hilo, kwani ndilo lililokuja kuwa jambo zito.

Mama, ambaye sasa ana miaka 74, alikuwa akisema mara kwa mara kwamba anatamani kwenda kumwona dada yake Lushoto, na kulala tena usiku mmoja ndani ya gari lile akisikia baridi ya mlimani juu ya turubai. Nikaazimia kulifufua. Nilipomweleza kaka yangu mkubwa, jibu lake lilikuwa fupi: "Gari hilo si lako peke yako."

Alisema kweli. Baada ya msiba tuligawa nyumba na shamba, lakini gari tulilisahau, kila mmoja akilihesabu kuwa chuma chakavu. Chakavu au zima, lilikuwa mali ya marehemu, na mali ya marehemu ina wenyewe. Tukakaa kikao, tukamwita mtu anayejua bei za magari akalithamini, na shehe wa msikiti wetu akatupigia hesabu. Baba aliacha mke, wana wawili na binti mmoja. Thamani ya gari ikawa mafungu 40: mama akapata thumuni yake, mafungu 5; kaka na mimi 14 kila mmoja; dada yetu 7. Kwa hiyo nilitakiwa kulipa mafungu 26 kabla sijagusa hata msumari mmoja. Mama alitaka kunisamehe fungu lake. Nilimwomba alipokee kwanza mkononi, kisha afanye apendavyo. Alilipokea, na siku ya pili akawanunulia wajukuu sare za shule.

Kaka naye alipokea fedha zake, akazihesabu, halafu akanitazama. "Mdogo wangu, gari sasa ni lako. Lakini mama si wako peke yako. Ukimlaza juu ya petroli na nyaya za kuungaunga, mimi sitakuwa radhi."

NYAYA JUU YA MKEKA

Injini ya zamani haikufaa tena, na kosa lilikuwa letu. Ilikuwa injini ya kupozwa kwa maji, ya lita 1.9 na nguvu farasi 78, na inataka maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Sisi kwa miaka tuliijaza maji ya kisima. Chumvi ilikula njia za maji na nyuso za silinda hedi hata gasketi zikakosa pa kushika.

Mafundi wa gari la namna hii, katika nchi nyingi, wamezoea kuweka injini ya Subaru mahali pa ile ya asili. Sababu yake ni umbo. Injini zote mbili zina silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, kwa hiyo ya Subaru huingia katika nafasi ile fupi chini ya kitanda. Tena magari ya Subaru yamejaa katika miji yetu, na vipuri vyake havitafutwi mbali. Nilipata moja Ilala, EJ20 ya lita 2.0 ya miaka ya 1990, iliyoletwa kutoka Japani ikiwa bado imo ndani ya nusu ya mbele ya gari lake, kile ambacho wauzaji hukiita hafukati. Nilichagua ya zamani kidogo kwa makusudi, kwani zilizofuata baadaye nyingi zina mfumo wa kuzuia wizi unaoikataa injini mpaka iuone ufunguo wake wenyewe.

Kazi ya vyuma ilikuwa na adabu zake. Bamba la kuunganisha injini na giaboksi liliagizwa kutoka nje. Sampu ya oili ilikatwa na kufupishwa, maana ingening'inia chini na kugonga mawe. Mabomba marefu ya maji yanayokwenda mbele kwenye rejeta yalisafishwa, kisha yakatolewa hewa kwa subira, kwa sababu pumzi moja ya hewa ikibaki humo hutosha kuchemsha injini nzima. Na kadi ya gari ilipelekwa ikaandikwa namba ya injini mpya, ili barabarani tusiwe waongo.

Lakini kazi iliyonikosesha usingizi ni ya umeme. Injini ya zamani ilikuwa na kabureta na nyaya za kuhesabika kwa vidole. Injini mpya haiwaki bila kompyuta yake, ambayo mafundi huiita kontroo boksi. Boksi hilo hupokea habari kutoka kwenye sensa: moja inasoma mzunguko wa krenki, nyingine kemshafti, nyingine hewa inayoingia, nyingine joto la maji, nyingine moshi wa ekzosi. Kisha ndilo linaloamua kiasi cha petroli na saa ya cheche. Wayaringi niliyotoa katika ile hafukati ilikuwa nene kama mkono wa mtoto, na ndani yake zilichanganyika nyaya za injini na za taa, za redio, za vioo vya madirisha na za kiyoyozi.

Fundi wangu wa umeme, mzee wa Ilala mwenye sauti ya chini, alinipa kazi ya kuzitenga. "Usikate waya usioujua jina," akaniambia. "Ukishaujua jina na kwao, hapo amua kama unabaki au unaondoka." Nikatandaza mkeka barazani, nikailaza wayaringi nzima juu yake. Kwa majuma mawili, kila baada ya sala ya Isha, binti yangu wa miaka kumi na moja alikaa pembeni na kalamu. Mimi nilifuata waya kwa mita ya umeme kutoka soketi hadi soketi, nikataja jina, naye akaandika kikaratasi na kukifunga kwa uzi. Zile zisizohusika na injini zikatolewa moja moja. Mwisho wayaringi ikabaki nyembamba, na kila kilichobaki kilikuwa na kazi.

Tuligundua kwamba baina ya injini mpya na gari la zamani mambo ya kuunganishwa si mengi. Boksi linataka umeme wa kudumu kutoka betri kwa ajili ya kumbukumbu yake, na umeme wa swichi unaokuja ufunguo unapofunguliwa. Stata inataka waya wake wa zamani. Taa ndogo ya chaji kwenye dashibodi si pambo: umeme unaopita ndani yake ndio unaoiamsha alteneta, na balbu yake ikiungua alteneta yaweza kukaa bila kuchaji. Taa ya onyo la injini inahitaji mahali ionekane, ili boksi likiwa na shida liweze kusema. Spidomita ya gari ni ya kebo, na boksi linataka kujua mwendo, la sivyo injini huzimika ovyo unapokaribia kusimama. Tukafunga sensa ndogo kwenye kebo hiyo. Feni ya rejeta tuliiacha na swichi yake ya asili.

Kwenye maji tulifunga sensa mbili. Ya Subaru inaliambia boksi, na ya Volkswagen inaendesha mshale wa dashibodi. Nilitaka kubakiza moja, fundi akakataa. "Hii inasema na mashine, na hii inasema nawe. Usimnyamazishe hata mmoja."

Halafu kuna nyaya za ethi, zile za kurudisha umeme kwenye bodi na betri. Mzee alikwangua rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa, ndipo akazifunga. Alisema hitilafu nyingi zinazodhaniwa kuwa za boksi ni za ethi iliyofungwa juu ya rangi.

KIUNGO KILICHOFICHWA

Safari tuliipanga likizo ya Juni. Siku tatu kabla, injini iliwaka vizuri, tukaenda mzunguko wa mtaani, na baada ya dakika kumi ikazimika. Ikapoa, ikawaka. Ikazimika tena. Nguo za mama zilikuwa zimekwisha fungwa, na dada yake Lushoto alikwisha chinja kuku kwa kutuhesabu.

Kijana mmoja msaidizi gereji alisikiliza, akagundua kwamba kila injini inapozimika pampu ya petroli nayo imenyamaza. "Bosi, hili ni dogo," akasema. "Tuipe pampu umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye swichi. Dakika tano, mnaondoka." Nakiri, ndugu msomaji, kwamba moyo wangu ulimkubalia. Safari ilikuwa karibu na aibu ya kuahirisha ilikuwa mbele yangu.

Mzee alikuwa akinawa mikono. Akauliza bila kugeuka, "Nani atalala juu ya injini hii?"

Nikamwambia, mama yangu na wanangu.

Akatueleza taratibu. Kabureta ya zamani ilinyweshwa petroli kwa mgandamizo mdogo. Injini hii inapigiwa petroli kwa mgandamizo mkubwa mara nyingi zaidi, ndiyo maana tulibadilisha hata mipira yake. Boksi huiwasha pampu sekunde chache ufunguo unapofunguliwa, kisha huizima mpaka lione krenki inazunguka. Gari likigongwa au likipinduka, injini ikafa, boksi huikatia pampu umeme hapo hapo. "Ukiiunga moja kwa moja na swichi," akasema, "injini imekufa, mpira umepasuka, dereva amezimia, na pampu bado inamwaga petroli juu ya chuma cha moto. Tutakuwa tumeondoa mlinzi kwa sababu ametuchelewesha."

Akachukua taa ya kupimia, akaifunga kwenye pampu, akawasha injini, akaanza kuutikisa waya kutoka kwenye boksi kuelekea rilei, shubiri baada ya shubiri. Alipofika chini ya kiti, taa ikazimika na injini ikafa. Akafungua tepu nyeusi. Ndani yake kulikuwa na kiungo kilichosokotwa kwa vidole tu, bila lehemu.

Kilikuwa changu. Viungo vyote nilivilehemu na kuvivika mpira, isipokuwa hicho kimoja. Nilikifanya usiku wa manane nikiwa nimechoka, nikakifunika kwa tepu nikisema nitakirudia kesho, kisha nikakisahau. Juu ya tepu kilining'inia kikaratasi cha binti yangu, kwa mwandiko mzuri: PAMPU. Mtoto aliandika akiamini kwamba baba yake amemaliza kazi.

Mzee hakunikaripia. Alinipa chuma cha kulehemu, akasema, "Kifanye sasa. Halafu tufungue tepu zote tuvione na vingine." Tulifanya hivyo siku nzima iliyofuata. Hatukukuta kingine, lakini safari iliahirishwa kwa siku mbili. Nilimpigia simu mama mdogo kumwomba radhi, na sababu nikamwambia ilivyo.

NJIA YA KASKAZINI

Asubuhi ya kuondoka kaka alikuja kabla hakujapambazuka. Sikumwalika, alikuja kukagua. Akaniomba nimwonyeshe pampu. Nikawasha injini, akainama akaweka sikio. Kisha nikachomoa soketi ya sensa ya krenki, kama mzee alivyonifundisha. Injini ikafa, na pampu ikakatika sauti papo hapo. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akasimama, akajifuta magoti, akaenda kwenye gari lake akarudi na begi na mswala. "Sogeeni," akawaambia wanangu.

Tukasoma dua ya safari, tukashika njia ya Bagamoyo hadi Msata, kisha kaskazini. Pale Wami tuliliona daraja la zamani, jembamba, ambalo watoto hawakuamini kwamba mabasi yalikuwa yakipishana kwa zamu juu yake. Sisi tukavuka kwa lile jipya pana. Mkata, Kabuku, Michungwani: machungwa yamepangwa mafungu mafungu kando ya barabara, nasi tukanunua mfuko. Segera tulisimama tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kaka akiwa imamu wetu. Mama alichemsha maji ya chai kwenye jiko la gari, mlango ukiwa wazi, kama alivyokuwa akifanya baba akiwa hai.

Baada ya Korogwe milima hutokea upande wa kulia, mirefu na ya buluu, na mashamba ya mkonge hunyooka mistari hadi miguuni pake. Mombo tulijaza petroli. Nikaangalia maji na oili, nikapapasa mipira. Kaka alikaa mbele pamoja nami. Hakuna aliyesema neno.

SONI

Tulipanda kwa gia ya pili. Nilikuwa natazama barabara kwa jicho moja na mshale wa joto kwa jingine. Ulipanda kidogo, ukasimama katikati, ukabaki hapo. Kona ya kwanza, ya kumi, ya ishirini. Joto la bondeni likaisha, madirisha yakaingiza harufu ya majani mabichi. Kabla ya Soni mama alisema kutoka nyuma, "Polepole hapa."

Nililijua jiwe lile kabla sijaliona. Lipo bado, limeota kuvu upande mmoja. Nilitaka kupita ili nithibitishe kwamba gari limefaulu bila kusimama. Kaka akaweka mkono juu ya usukani, si kwa nguvu. "Simama kidogo."

Tukasimama. Nikazima injini, kimya kikatujia na sauti ya maporomoko ya Soni kutoka chini. Mama alishuka akishikwa mkono na mjukuu wake, akakaa juu ya jiwe. Tulimrehemu baba, kila mmoja kwa moyo wake. Kisha mama akanitazama akasema, "Mwanangu, linawaka tena?" Nikageuza ufunguo. Pampu ikalia sekunde mbili, ikanyamaza ikingoja. Injini ikawaka.

Tuliingia Lushoto kabla ya Magharibi, ukungu ukishuka juu ya mikalitusi. Mama mdogo alikuwa mlangoni na kuku mwingine amekwisha chinjwa. Usiku ule mama alilala ndani ya gari pamoja na dada yake, paa limeinuliwa, mablanketi matatu juu yao, nasi tuliwasikia wakicheka mpaka usiku mkubwa. Alfajiri, baada ya sala, kaka na mimi tulikwenda kumzuru baba.

Njiani aliniuliza nauza bei gani fungu lake nilipe tena. Nikamwambia haliuzwi, lakini ufunguo upo ukutani, auchukue wakati wowote.

Ndugu zangu, huenda wengi wenu hamtabadilisha injini ya gari maishani. Lakini katika nyumba nyingi lipo gari, shamba au cherehani ya marehemu ambayo wenye haki hawajakaa wakaigawa, na vipo viungo vilivyofunikwa kwa tepu vikingoja "kesho". Tuvifungue tungali na nafasi. Kikaratasi kile cha PAMPU sikukitoa. Kinaning'inia hadi leo chini ya kiti, na kila ninapokagua maji hukigusa.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu na wazazi wa Waislamu wote, na awalinde wasafiri wetu barabarani. Amin.